Rinda la Ng'ombe Mwenye Nundu

Kuna mafundi wa mabibi harusi, kuna mafundi wa sare za shule, na kuna mafundi wa suruali ambao ukiwapa kitambaa watakuapia kwa mama yao mzazi kwamba Ijumaa iko tayari, na Ijumaa ukifika unawakuta wanakitafuta kitambaa chenyewe. Huyu hakuwa katika kundi lolote. Huyu alishonea ng'ombe. Tena si ng'ombe mzima, maana ng'ombe mzima ungesema angalau ni shuka. Alishonea masikio. Mtaa mzima ukamwita Fundi Masikio, naye akaitika, kwa sababu jina la utani ni kama kupe: ukilivuta kwa hasira, mwili unatoka na kichwa kinabaki ndani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwisho wa mji, pale lami inapochoka na kugeuka vumbi, kulikuwa na kituo cha utafiti wa mifugo. Walifugwa ng'ombe wa aina mbili. Kulikuwa na wale wa nundu, wafupi, rangi ya udongo, wenye macho ya watu wanaokudai. Na kulikuwa na wale wa maziwa, wakubwa, mabaka meusi na meupe, wapole kama magodoro. Watafiti walitaka kujua kwa nini kupe wale wale, wa chupa ile ile, wakiwekwa kwa ng'ombe wa maziwa wananenepa mpaka wanafanana na mbegu za mbarika, na wakiwekwa kwa ng'ombe wa nundu wanadondoka wamekonda, wengine wamekufa kabla hawajashiba.

Sasa kupe si mwanafunzi wa bweni kwamba utamwambia usivuke geti. Ndipo ikahitajika mifuko: kitambaa cheupe cha pamba kilichoshonwa kama mkono wa shati, mdomo mmoja unagandishwa kwa gundi kwenye shina la sikio, mwingine unafungwa kwa kamba. Kupe wanatiwa ndani, wanakula humo, wanadondoka humo, daktari anafungua na kuwaokota. Kitambaa lazima kiwe cheupe, ili mtoro aonekane.

Mifuko hiyo Fundi Masikio aliishonea katika chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya ndoo. Kilikuwa na dirisha moja linalotazama zizi, meza yenye mguu uliofungwa waya, cherehani ya kukanyaga, pasi, na harufu ya gundi iliyogombana na ya samadi bila mshindi. Kilikuwa chumba kibaya. Alikipenda kuliko nyumba yake.

Alikuwa na sababu. Kabla ya hapo alifanya kazi kwenye kibaraza cha wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, fundi wa magauni ya harusi. Wifi alikuwa na mikono miwili, mdomo mmoja, na mdomo ndio uliofanya kazi zaidi. Lakini marinda yake, hapo hata adui alivua kofia. Yalilala kama kurasa za kitabu kipya. Wanawake walisafiri kuja kuyafuata.

"Wewe piga pindo, wifi," alikuwa akimwambia Fundi. "Mambo ya mbele niachie."

Fundi akapiga pindo. Miaka ikapita, akapiga pindo. Kila alilopiga, wifi alilifumua kidogo, akaliangalia kwa jicho moja, kisha akalirudishia mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Fundi alipougua, ni wifi aliyemwosha na kumlisha kwa kijiko. Ila kukaa chini yake ilikuwa kama kuvaa kiatu cha mtu mwingine: hakikuumizi sana, kinakukumbusha tu kila hatua. Kwa hiyo kituo kilipotangaza kinatafuta fundi cherehani, alichukua mkasi wake, akaaga, akaondoka.

Wifi hakununa. Alifurahi, akapata cha kuchekea.

"Wifi, mteja wa leo kiuno chake inchi ngapi?" aliuliza kila wakikutana kwenye chakula cha familia.

"Mteja wangu hana kiuno, ana heshima. Hajawahi kusema nimempunja kitambaa."

"Hawezi kusema. Umemziba masikio, hata bei hasikii."

Mume, ambaye ni kinyozi na anajua hatari ya kukaa katikati ya vyuma viwili vikali, alitazama sahani yake.

Basi asubuhi moja daktari wa kituo akaingia stoo na karai mikononi. Alikuwa msichana mwenye buti za mpira na sauti ya chini, anayekanyaga samadi kama watu wengine wanavyokanyaga zulia.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Karai la nini tena?"

Daktari akaliweka mezani. Ndani yake mlikuwa na mifuko, imepasuka yote. Mingine ilikuwa imechanika ubavuni toka juu hadi chini, mingine imefumuka kwenye mshono kana kwamba mtu ameivaa kwa nguvu.

"Yote ni ya ng'ombe wa nundu," daktari alisema. "Ya hawa wa maziwa haijaachia hata mmoja."

"Uzi ni ule ule."

"Najua."

"Na mkono ni huu huu."

"Najua, fundi. Ila kupe wametoka, na jaribio limekufa. Mkuu wa kituo anasema tuagize mifuko ya kiwandani. Nimemwomba tujaribu kundi moja tena. Na hilo likipasuka..." Hakumaliza. Alikitazama chumba, meza, pasi, akainama kufunga buti ambayo haina kamba.

Fundi alimwelewa vizuri. Mifuko ikipasuka tena, stoo itarudi kuwa ya ndoo, na yeye atarudi kibarazani, kwenye pindo, kwenye jicho moja la wifi.

Kwanza alikasirika, na alimkasirikia ng'ombe. Hawa wa nundu hawana adabu, alijisemea. Mnyama asiye na adabu anashonewa kitu cha kumshinda. Akachukua turubai, lile la kufunikia malori, akavunja sindano, akavunja nyingine, akatoa mfuko ambao ungeweza kubebea saruji. Daktari akakubali ujaribiwe kwanza kwa ng'ombe mmoja, na kupe wachache.

Kesho yake mtunza ng'ombe, mzee waliyemwita Bwana Ndoo, alikuja mlangoni ameushika ule mfuko kwa vidole viwili. Bwana Ndoo aliongea na ng'ombe kwa heshima, na watu kwa kifupi.

"Hongera, fundi. Mshono haujaachia hata uzi."

"Sasa umeuleta wa nini?"

"Umetoka na manyoya."

Kweli, gundi ilikuwa imeng'oka na manyoya ya sikio, ikaacha upara mzima. Habari hiyo mume aliisikia jioni, na kwa kuwa kinyozi hana siri, wifi aliisikia kabla chai haijapoa.

"Umemshonea suruali ya chuma," wifi alisema, akifuta machozi ya kicheko. "Mwenyewe kaivua, kaining'iniza kwenye mlingoti, kaenda zake!"

Usiku ule Fundi hakucheka wala hakununa. Alikuwa anawaza jambo moja la kifundi: nguo ikirudishwa, huiulizi nguo. Unamwita mvaaji.

Asubuhi akabeba kigoda na tepu ya kupimia, akaenda kukaa zizini.

Bwana Ndoo alimfungulia bila kuuliza. Kwenye kizimba cha kulia alisimama Godoro, ng'ombe wa maziwa, mpole kuliko wote. Kushoto alisimama ng'ombe wa nundu waliyemwita Hakimu, kwa sababu alikutazama kama kesi yako ameshaisoma na haimfurahishi. Wote wawili daktari aliwatia kupe asubuhi hiyo, kila mmoja sikio moja, kwenye mifuko ya kawaida.

Godoro aliendelea kucheua. Kupe walikuwa wanajipachika kwenye sikio lake, naye alitazama mbali, kama mwenye nyumba ambaye wageni wamejikaribisha na hataki maneno.

Hakimu hakuchukua muda. Alitikisa kichwa. Akatikisa tena. Akainua mguu wa nyuma na kulifikia sikio kwa kwato, kwa ufundi ambao Fundi hakuutarajia kwa mtu wa umbo lile. Kisha akaenda kwenye mlingoti wa zizi akaanza kulisugua, taratibu, kwa bidii, kama anayekuna nazi.

"Ndicho anachofanya kutwa?" Fundi aliuliza.

"Nawe ungefanya," alisema Bwana Ndoo.

Mchana daktari alikuja akachutama karibu yao. Fundi akamwambia, "Mwanangu, huyu mbona anawashwa na yule hajui hata kama ana wageni? Si kupe wale wale?"

"Kupe ni wale wale. Ngozi ndiyo tofauti." Daktari alimshika Hakimu shingoni. "Huyu ngozi yake inamkumbuka kupe. Alipokuwa ndama, mara ya kwanza alikuwa hana habari, sawa na Godoro. Lakini jamaa zake wanajifunza upesi. Kupe akitia mdomo tu, askari wa mwili wanajaa pale pale. Panapata joto, panavimba, panawasha. Kupe anavuta, badala ya damu anakuta vurugu."

"Na Godoro hana askari?"

"Anao, na wanapigana. Anavimba baadaye, anapata hata vidonda. Ila wanachelewa, na wakija hawamgusi mwenyewe mhalifu."

"Aa. Wale wa kupuliza filimbi kutokea mbali, ili mwizi amalize kwanza."

Daktari akacheka mpaka Hakimu akageuza shingo kumwangalia. Kisha akawa na uso wa kazi. "Shida yangu ni hii. Mkuu anasema siri ya ng'ombe wa nundu ni kujikuna tu: anawakuna, wanaanguka, basi. Mimi naamini hata asipojikuna, ngozi peke yake ingewashinda. Lakini nitaonyesha vipi? Kila mfuko unapasuka kupe hawajamaliza kula."

Hapo ndipo Fundi alipoelewa kuwa kundi lile la mwisho halikuwa lake peke yake. Msichana naye alikuwa ameweka jina lake mezani.

Jua lilipoanza kushuka, Bwana Ndoo alimshika Hakimu pembe, Fundi akanyoosha mkono taratibu, akaligusa sikio juu ya kitambaa. Lilikuwa la moto. Lilikuwa limejaa, gumu, kama mdomo wa mtu aliyeng'atwa na nyuki. Mfuko uliomning'inia asubuhi sasa ulikuwa umembana kama soksi ya mtoto kwenye mguu wa baba. Akazungusha tepu. Akaitazama. Akaenda kwa Godoro akazungusha tepu. Akarudi, akakaa kwenye kigoda chake.

"Nini?" aliuliza Bwana Ndoo.

"Siku ya kwanza nilipofika hapa nilipima ng'ombe mmoja."

"Yupi?"

"Godoro. Wote nimewashonea nguo ya Godoro."

"Kwa nini yeye?"

"Ndiye aliyetulia."

Bwana Ndoo alilifikiria hilo. "Hata mimi ningempima huyo," alisema, na kwa mtu wa aina yake hiyo ilikuwa hotuba.

Kwa hiyo haikuwa adabu wala haikuwa uzi. Kwato za Hakimu zilikuwa zinamalizia tu kazi ambayo sikio lenyewe lilishaianza kutokea ndani. Alihitaji mfuko wenye nafasi, lakini nafasi si upana, maana mfuko mpana kupe wanapotelea humo na kwato zinapata pa kushika. Alihitaji mfuko ulale ukiwa sikio limelala, ufunguke likijaa, ujifunge likipungua. Kwa maneno mengine alihitaji rinda. Tena rinda lisilo na kona ya kujificha kupe.

Alijaribu mwenyewe. Rinda la kwanza lilikaa wazi kama mdomo wa samaki. La pili lilijikunja kama limeona aibu. La tatu hatulizungumzii. Duniani kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa akishona rinda la aina hiyo na likakaa, na mtu huyo alikuwa ndiye yule yule.

Akazima pasi, akaenda kibarazani.

Wifi alikuwa amepiga magoti mbele ya gauni lililoning'inizwa, pini zimejaa midomoni.

"Hodi, wifi."

"Karibu. Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo. Mmoja kavimba sikio."

"Pole yake. Mwambie apunguze kusikiliza umbea."

"Wifi, nimekuja kujifunza rinda lako. Lile la kiunoni, linalofunguka bibi harusi akikaa na kujifunga akisimama."

Wifi alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto. Fundi alisubiri mzaha. Haukuja.

"La nani?"

"La Hakimu."

"Huyo ndiye ng'ombe?"

"Ndiye."

"Umekaa hapa miaka yote, hujawahi kuniuliza rinda."

"Hujawahi kuniambia niinue kichwa kwenye pindo."

Barabarani alipita muuza maji akigonga madumu. Wifi alizisubiri kelele zile zipite.

"Hukuomba," alisema, kwa sauti ambayo Fundi hakuizoea. "Nikadhani pindo linakutosha. Wengine linawatosha." Kisha akainuka akipangusa magoti, na sauti ya zamani ikarudi. "Haya. Lakini rinda halifundishwi kwa kusimuliwa. Nataka kumwona mvaaji. Na asiniletee harufu."

Alifika kituoni na viatu vya kutokea na mkoba wa kwapani. Bwana Ndoo alimtazama kuanzia viatu, akahamisha ndoo njiani. Wifi alisimama mbele ya Hakimu, Hakimu akasimama mbele ya wifi.

"Ndiye huyu? Mbona ananiangalia kama mama mkwe?"

"Wote anawaangalia hivyo."

"Afadhali. Nilidhani amesikia habari zangu." Akanyoosha mkono, mkono wa kuzoea mabega ya mabibi harusi wenye wasiwasi, akaligusa lile sikio. Akaurudisha haraka, kisha akaupeleka tena, taratibu. "Jamani. Linawaka moto. Pole, mama, pole." Akageuka. "Na mnamwacha hivi hivi?"

"Siku chache tu," daktari alisema. "Kisha tunawatoa wote na tunampaka dawa."

"Basi tusimpotezee muda mwenzetu."

Stoo ya ndoo haikuwahi kuona kazi kama ile. Wifi alikata rinda moja kwa karatasi, akalikunja, akalifungua, akampa mwenziwe. "Shona." Fundi akashona. Wifi akafumua. "Hapa umelibana kama una ugomvi nalo. Rinda linaongozwa, halikamatwi. Tena." Akashona. Likafumuliwa. Akashona. Wifi akalishika, akafumba jicho moja. Fundi alilijua jicho lile. Lakini safari hii wifi alilirudisha mezani kama lilivyo.

"Hilo liache," alisema. "Ni la sikio la kushoto. La kulia nashona mimi."

Mikunjo waliiweka nje, ndani wakabakisha laini ili kupe asipate kichochoro. Fundi naye akaongeza lake. Alikumbuka kofia za watoto wachanga, zile za kufungwa kidevuni kwa sababu mtoto hana mkataba na kofia. Akashona utepe mpana unaopita nyuma ya pembe na kushika mifuko ya masikio yote mawili, ili Hakimu akitikisa, nguvu iende kichwani badala ya kwenye gundi. Bwana Ndoo, bila kuombwa, aliuzungushia mlingoti magunia.

"Umemvika kilemba," wifi alisema walipomfunga. "Sasa ni hakimu kweli."

Kupe wakatiwa. Fundi akarudi chumbani, akakaa mbele ya cherehani bila kuikanyaga. Dirisha lilikuwa wazi. Alisikia kwato, akasikia kichwa kikitikiswa, akasikia shingo ikisugua gunia. Kila sauti aliisubiri iishie na mchaniko. Haikuishia hivyo. Siku zikafuatana, akashona vitu visivyo na maana: kifuniko cha pasi, kimto cha pini, koti la ndoo. Asubuhi alipitia zizini kwanza kabla ya kufungua mlango wake. Rinda lilikuwa limefunguka, limejaa kama shavu la mpiga tarumbeta, na mshono umetulia.

Siku ya kufungua, daktari alitandika sinia mbili nyeupe. Kwenye ya kwanza akafungulia mfuko wa Godoro. Kupe wakaanguka kwa kishindo kidogo, wanene, wa kijivu, wanang'aa, hawawezi hata kutembea kwa shibe. Kwenye ya pili akafungulia mifuko ya Hakimu. Wakamwagika wadogo, wamesinyaa, kama punje za pilipili manga. Wengine hawakusogea kabisa.

"Na hakuna aliyetoka?" Fundi aliuliza.

"Hakuna."

"Na hakuwakuna?"

"Alijitahidi, maskini. Mfuko haukumpa nafasi." Daktari akakaa juu ya ndoo iliyokuwa karibu, akaanza kucheka peke yake, polepole. "Ni ngozi, fundi. Kujikuna kunamsaidia, ndiyo, lakini hata bila hivyo ngozi inafanya kazi yake."

Mkuu wa kituo aliitwa. Alivaa miwani, akasoma sinia moja kisha ya pili, akauliza maswali ambayo daktari alikuwa na majibu yake. Akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa mvua imenyesha na akaona matope. Kabla ya kutoka aliuokota mfuko, akalivuta rinda, likafunguka. Akaliachia, likajifunga. Akalivuta tena.

"Kiwandani hawana hiki," alisema.

"Hawana," alisema daktari.

"Basi agizeni kitambaa tu."

Fundi akaenda chumbani kwake, akafunga mlango, akakaa. Ndoo ziliendelea kukaa nje.

Jioni wifi alimkuta mlangoni pa kinyozi.

"Rinda langu limeshika?"

"Limeshika."

"Lisingeshika ningeshangaa." Akatembea kidogo, akarudi. "Lile la pili, la sikio la kushoto, lilikuwa lako. Nalo?"

"Nalo limeshika."

Wifi akaitikia kwa kichwa, akaondoka bila mzaha. Mume alilitazama tukio hilo mkasi ukiwa hewani, mteja wake akaogopa.

Baada ya hapo kituo kikaleta kundi jipya, machotara: baba wa nundu, mama wa mabaka. Daktari alitaka kujua ngozi yao imerithi kumbukumbu ya nani. Habari zilipofika kwenye chakula cha familia, wifi alikuwa na jibu tayari.

"Hao wape nusu rinda. Upande wa baba."

"Nitawapima kwanza," Fundi alisema.

Asubuhi akaingia zizini na tepu shingoni. Machotara walisimama wamebanana kwenye kona. Mmoja, mweupe mwenye kinundu kidogo kama kofia iliyopigwa na upepo, alisogea mbele akamnyooshea shingo, mtulivu, sikio tayari. Fundi akamkwaruza kipajini, akampita. Nyuma kabisa kulikuwa na mweusi aliyekuwa akirusha mateke hewani na kumkoromea Bwana Ndoo.

"Yule atakuumiza," alisema Bwana Ndoo.

"Mshike pembe," alisema Fundi. "Tunaanza na yeye."